Mwaka Kwaya Yetu Ilipopanda Alpi

Tulimzika Mchungaji Elie Jumamosi iliyopita. Kutoka makaburini tulirudi kwenye ukumbi wa kanisa, mtaa wa Bertrams hapa Johannesburg, ambako wanawake walikuwa wameshapakua fufu, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa kukaanga. Watu walijipanga na sahani mkononi, wakiongea kwa sauti ya chini kama wanavyoongea wenye njaa wanaoona aibu kuwa na njaa siku ya msiba. Nyuma yangu alisimama dada mmoja Mtanzania aliyejiunga nasi Wakongo mwaka huu. Nilimsikia akimuuliza mwenzake, "Eti ni kweli marehemu aliwahi kupeleka kwaya Ulaya, halafu mtu akamtoroka huko huko milimani?" Mwenzake akamnong'oneza, "Nyamaza. Huyo aliye mbele yako alikuwemo." Sikugeuka. Nilipokea samaki wangu nikaenda kukaa pembeni, na kila tonge nililotia mdomoni lilinirudisha kwenye mwaka ule, ambao sijawahi kumsimulia mtu tangu mwanzo mpaka mwisho.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na chumba changu kilikuwa nusu ya chumba. Nyumba yenyewe ilikuwa mtaa wa Bellevue, moja ya zile nyumba kubwa za zamani zenye dari za mabati yaliyonakshiwa, ambazo siku hizi zimegawanywa kwa mbao mpaka sebule inalaza familia tatu. Mimi niligawana chumba cha mbele na Mama Charlotte. Kabati la nguo lilisimama katikati kama ukuta. Upande wa dirisha ulikuwa wake, upande wa mlango wangu. Yeye alikuwa mama wa makamo, msusi, mwenye kibanda karibu na soko la Yeoville, mikono yake ikinukia mafuta ya nywele hata akitoka kuoga. Alikuwa pia sauti ya kwanza ya kwaya yetu. Akianzisha wimbo, hata wanaume wa besi walikaa wima. Jioni alisonga ugali, mimi nilikaanga dagaa, tukala kwenye sinia moja sakafuni, redio ya jirani ikitupigia nyimbo za Kizulu kupitia mbao. Aliniita mwanangu, lakini aliwaita hivyo wasichana wote, na sikulitia neno hilo maanani.

Kilichonisumbua ni Jumapili alasiri. Tukishatoka kanisani, Mama Charlotte alirudi mbio nyumbani, akajifungia nyuma ya kabati na kupiga simu. Hakuongea Kiswahili, na hakuongea kile Kifaransa chake cha sokoni cha kubishana na wateja. Aliongea Kifaransa cha polepole, neno moja moja, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Nilisikia: umekula? Unalala vizuri? Huko baridi? Halafu kimya kirefu, halafu kicheko kidogo alichokizuia kwa kiganja. Kanisani walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba mjane ana bwana Ulaya. Nami niliamini. Nilijiambia kwamba moyo wa mtu ni wake, nikajifanya nimelala.

Mwaliko ulikuja mwanzoni mwa mwaka ule. Kanisa moja la Uswisi, upande wanaozungumza Kifaransa, lilitaka kwaya yetu ikaimbe kwao kwa wiki moja mwezi wa Juni. Mchungaji Elie alitusomea habari hizo akiwa bado amevaa sare yake, maana siku za wiki alikuwa mlinzi kwenye geti la maduka, na ukumbi mzima ukalia kwa furaha. Lakini furaha ile haikudumu hata wiki. Ili tupewe viza, Mchungaji alilazimika kuweka sahihi kwamba wote watakaokwenda watarudi. Tangu siku hiyo alianza kututazama kama anavyotazama mifuko ya watu getini. Miezi ile, mjini walikuwa wakiandamana watu waliotaka wageni tuondoke. Siku za maandamano tulifanya mazoezi tukiwa tumefunga mlango kwa komeo, na siku za mechi makelele ya uwanja wa jirani yalifunika sauti zetu hata tusijue nani anachepuka. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kutaka kubaki Ulaya, na kila mmoja alijua hivyo kuhusu mwenzake.

Siku moja Mchungaji aliniita pembeni. "Riziki, mwanangu, dada yako yuko Ufaransa. Kutoka tunakokwenda mpaka kwake ni mwendo wa treni tu. Si kweli?"

"Ni kweli, Pasta."

"Basi nikuambie ukweli. Katika watu wote, ni wewe ninayekuogopa." Hakusema kwa ukali, na hiyo ndiyo iliyoniuma. "Ukibaki, sahihi yangu imekufa. Hakuna kwaya ya watu wetu itakayotoka tena Johannesburg. Nimeongea na Mama Charlotte. Huko utatembea na yeye, utalala chumba chake, utakula naye. Na hati zote za kusafiria atazibeba yeye."

Nilirudi nyumbani nikilia. Nilipomsimulia Mama Charlotte, aliacha kusonga ugali, mwiko ukiwa umesimama kwenye sufuria. "Asikutishe," akasema. "Mtu mwenye mzigo mzito anaona kila njia ina shimo." Kisha akasonga tena, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Uswisi tuliimba vizuri. Wenyeji wetu walitupenda, wakatulaza kwenye jengo la kanisa kando ya ziwa, wakatulisha jibini mpaka Kaka Josué, besi wetu mwenye kifua kama ngoma, akauliza kwa heshima kama hakuna hata kipande cha nyama. Siku ya mwisho walitupa zawadi: safari ya nusu siku kwenda milima ya Alpi, kwa basi la watalii lenye mtembeza wageni wake. Tungeondoka asubuhi, tukarudi mchana, na jioni tungeimba mara ya mwisho. Mchungaji angefurahi zaidi kama wangetuletea blanketi. Usiku wa kuamkia safari hakulala. Asubuhi macho yake yalikuwa mekundu, akasimama mlangoni mwa basi akitugusa mabega mmoja mmoja.

Mtembeza wageni alikuwa mama wa Kizungu mwenye koti jekundu na nywele fupi za mvi, aliyejitambulisha kwa jina la Madame Odile. Alishika kipaza sauti, akatueleza kila kitu kwa Kifaransa: mashamba ya mizabibu, mahandaki, maporomoko yanayogeuka barafu wakati wa baridi. Basi lilipanda kwa kona kali, na kila kona tuliona chini paa za nyumba zikizidi kuwa ndogo. Kwaya iliyopiga kelele ziwani ilinyamaza. Nilikuwa nimekaa dirishani. Mama Charlotte alikaa kando yangu na mkoba wa hati mapajani, ameukumbatia kwa mikono miwili. Nilifikiri anaogopa kimo. Nilimshika mkono nikakuta umelowa jasho, na nje, huko juu, kulikuwa na theluji hata mwezi wa Juni.

"Mama, unaumwa?"

"Niko sawa. Tazama milima, mwanangu. Umekuja kuitazama."

Yeye hakuitazama hata mara moja.

Tulisimama kwenye kijiji cha juu, chenye nyumba za mbao, kanisa dogo la mawe na kituo cha vibanda vinavyopanda mlimani kwa waya. Madame Odile alituambia tunaweza kutembea saa moja, lakini tusitoke kwenye njia, kwa sababu nyuma ya kijiji kulikuwa na korongo na ukungu ulikuwa unashuka. Mchungaji akaongeza kwa Kiswahili: "Wawili wawili. Asiachwe mtu." Akanitazama mimi. Nikatazama viatu vyangu.

Tulizunguka na Mama Charlotte mpaka mbele ya kanisa. Hapo akaniambia nimsubiri, anakwenda msalani. Nilisubiri. Ukungu uliingia kijijini kama moshi wa kuni mbichi, ukala kwanza vilele, halafu mapaa, halafu watu. Nilianza kuwa na wasiwasi, nikazunguka nyuma ya kanisa. Palikuwa na kiwanja kidogo cha kuegesha magari, na pale, kando ya gari dogo lililokuwa likinguruma, alisimama Mama Charlotte na msichana mrefu mweusi, mdogo kwangu kwa miaka michache. Kijana wa Kizungu alikuwa kwenye usukani. Nilisimama. Walikuwa hawajaniona, na niliyoyaona katika dakika ile sikumwambia mtu kwa muda mrefu sana.

Kisha Mama Charlotte aligeuka. Hakushtuka. Alikuja mpaka nilipo, akanipa ule mkoba.

"Hati zenu zote zimo. Yangu nimeitoa."

"Mama, ni nani huyu?"

"Ni Aline. Mutoto wangu."

Sikuwa nimewahi kusikia kwamba ana mtoto aliye hai. Aliniambia kwa haraka, macho yakiwa barabarani. Siku ya kukimbia Uvira watu walikanyagana mpakani, akampoteza msichana wake wa miaka mitano. Jirani alimwokota mtoto, akavuka naye, na baadaye jirani huyo akapelekwa Ulaya pamoja na mtoto kama wake. Miaka yote hiyo Mama aliamini mtoto amekufa. Ndipo jirani yule alipokaribia kufa akamwambia msichana ukweli, na msichana akaanza kumtafuta mama yake kwenye simu, kanisa moja baada ya jingine. "Nimeomba kwa njia ya halali, Riziki. Nimeomba mara mbili. Wamekataa. Walisema siwezi kuthibitisha."

"Na Pasta? Ameweka sahihi kwa ajili yetu!"

"Najua."

"Juu ya nini hukuniambia? Tunalala chumba kimoja!"

"Kama ungejua, wangekuuliza, na wewe hujui kudanganya. Sasa unaweza kuapa mbele ya Mungu kwamba hukujua."

Msichana aliuliza kwa Kifaransa mimi ni nani. Mama Charlotte akamjibu, polepole, neno moja moja: "Ni binti yangu wa Johannesburg." Akanishika uso kwa mikono yake inayonukia mafuta, akaingia garini. Sikupiga kelele. Sikulizuia gari. Lilipotelea kwenye ukungu, nikabaki nimekumbatia mkoba kama alivyoukumbatia yeye.

Kwenye basi kila mtu alikuwa ameshakaa. Mchungaji aliponiona nikipanda, nilimsikia akishusha pumzi. Kisha akatazama nyuma yangu. "Mama Charlotte yuko wapi?" Nilikaa kwenye kiti changu, mkoba mapajani. Madame Odile alihesabu watu, akahesabu tena, akashuka mbio na kuangalia vyoo, kanisa, duka la chokoleti. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika. Alimwambia dereva kwamba njia ya korongo inateleza na mtu asiyeijua hawezi kuona ukingo. Mchungaji alisikia neno korongo, akaruka chini. Kaka Josué akamfuata. Kupitia dirisha tuliwaona wakiingia kwenye ukungu, halafu hatukuwaona tena, tukasikia sauti tu: "Mama Charlotte! Mama Charlotte, itika!" Ile sauti ya besi iliyozoea kuimba chini yake ilikuwa sasa inamwita mlimani, na milima ikarudisha jina. Wanawake walianza kulia. Mmoja akaanza kuomba kwa sauti. Mchungaji alirudi ana matope mpaka kiunoni, ameteleza, kiganja kinatoka damu. "Nimemuua," akasema. "Nimemleta mjane wa watu kufa kwenye barafu." Madame Odile alikuwa ameshainua simu kuwaita waokoaji wa milimani waje na helikopta.

Ndipo nikasimama. Nilijua kwamba nikisema, polisi watajua wamtafute wapi. Nilijua pia kwamba nisiposema, watu watashuka na kamba kwenye korongo kumtafuta mtu asiyekuwemo, na Mchungaji atazeeka leo hii. Nikamwambia yule mama kwa Kifaransa, "Madame, usiwaite. Hajaanguka. Ameondoka kwa hiari yake. Amempata mtoto wake."

Madame Odile alinitazama, simu ikiwa bado sikioni. "Uliwaona?"

"Niliwaona."

"Yuko salama?"

"Yuko salama."

Aliongea kidogo kwenye simu, kwamba hakuna aliyepotea mlimani, kwamba abiria mmoja amechagua kutorejea na basi. Akakata. "Basi hakuna aliyekufa," akasema, nadhani akijiambia mwenyewe, akampa dereva ishara. Tulipoanza kushuka akachukua kipaza sauti na kuendelea kutueleza habari za milima, maana ndiyo kazi yake, lakini sauti yake ilikuwa inakatika, na baada ya kona mbili tatu akakizima.

Kelele zilizofuata zilikuwa za kwetu. "Tumekwisha!" Josué alipiga kiti ngumi. "Wote tumetiwa doa. Nani atatupa viza tena?" Mwingine akadai nilijua tangu Johannesburg, tulikuwa tunalala chumba kimoja, ningewezaje kutojua? Mchungaji alikuja kukaa kwenye kiti alichokuwa amekaa Mama Charlotte. Nilimngojea aniseme. Alifunga kiganja chake kwa leso, akautazama ukungu mpaka tulipofika ziwani. Jioni tuliimba. Wimbo ulipofika mahali pa sauti ya kwanza, palikuwa patupu, na watu wote wakanigeukia mimi. Niliimba. Sijui niliimbaje.

Johannesburg tulirudi wote tuliobaki, lakini hatukurudi kama tulivyotoka. Wenyeji wa Uswisi waliandika kwa huzuni, kisha wakaacha kuandika. Wazee wa kanisa walimwita Mchungaji mara nyingi. Walimuuliza alikuwa wapi, macho yake yalikuwa wapi. Nusu ya kwaya ilihamia kanisa jingine. Mimi niliomba viza ya kwenda kwa dada yangu, niliyokuwa nimeipangia mwaka mzima, ikakataliwa, na ofisa akaniuliza kupitia kioo kama nilikuwa kwenye msafara ule wa kwaya. Nikasema ndiyo. Hakuniuliza kingine. Siku ile nilitembea kutoka mjini mpaka Bellevue kwa miguu, nikipita kila robot, taa za barabarani, bila kuangalia rangi, madereva wakinitukana. Nyumbani lile kabati lilikuwa bado limesimama katikati ya chumba kisichohitaji tena ukuta. Kila Jumapili alasiri Mama Charlotte alinipigia simu. Niliiacha iite. Nilimchukia, na nilitamani kula naye tena, mambo mawili kwa pamoja, na sikujua kwamba mtu anaweza. Kanisani niliendelea kwenda, lakini nilikaa benchi la nyuma na sikuimba.

Mama Charlotte alikuja kupata makaratasi ya kuishi huko baada ya miaka mingi ya kuhangaika, na leo ana wajukuu anaowasuka mwenyewe. Tunaongea. Lakini hayo ni ya baadaye, na mwaka ule sikuyajua. Mwaka ule nilichojua ni kwamba nimefungiwa mlango wangu kwa sababu ya mlango wa mtu mwingine, na nikaanza kujifunza cherehani kwa sababu ilinibidi kuishi hapa hapa.

Mwezi wa Desemba, alasiri moja ya joto, mawingu ya mvua ya mawe yakiwa yamejaa upande wa kusini, mlango wangu uligongwa. Alikuwa Mchungaji Elie, amevaa sare ya ulinzi, kofia mkononi. Hakuwa amewahi kuja kwangu. Nilimpa kiti pekee nilichokuwa nacho, nikamchemshia chai ya maziwa, nikakaa kitandani. Alikunywa nusu kikombe. Nilijua amekuja kuniambia nisije tena kanisani, nikakaza moyo.

"Riziki," akasema mwishowe. "Watu wanasema ni uongo. Wanasema alikuwa bwana, hakuwa mtoto. Sina wa kumuuliza ila wewe. Ulimwona huyo msichana kwa macho yako?"

"Nilimwona, Pasta."

"Unaweza kuwa na hakika gani? Mtu anaweza kusema ni mwanangu."

"Nina hakika."

"Walilia?" Aliinama mbele, na nikaona kwamba jibu hili alikuwa analihitaji kwa miezi. "Mtu akimpata mtoto aliyemzika moyoni, analia. Walilia?"

Nilikumbuka kile kiwanja nyuma ya kanisa, kabla hawajaniona. "Hapana," nikamwambia. "Hakuna aliyelia. Koti la yule msichana lilikuwa wazi. Mama alikuwa anamfunga vifungo. Kimoja kimoja, kuanzia chini, mpaka cha shingoni. Msichana mzima, mrefu kuliko yeye. Na yule msichana alikuwa ameinua kidevu, amesimama kimya, anangojea, kama mtoto anayekwenda shule."

Mchungaji aliweka kikombe sakafuni. Alifunika uso kwa kofia yake na mabega yakamtikisika, na mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati, ikapiga mpaka tusingeweza kusikiana hata kama tungetaka. Ilipopungua alisimama, akajifuta, akavaa kofia. Mlangoni akageuka.

"Jumapili hii njoo na sauti yako," akasema. "Mahali pa Mama pasikae patupu."

Nilikwenda.